Jembe la Zamu, Daftari la Hisa

Anayekata kona Visiga, akaiacha barabara kuu ya Morogoro na kuelekea Zegereni, siku hizi hukutana na malori kabla hajakutana na mikorosho. Eneo hili la Kibaha, kwenye ukanda unaopakana na Kisarawe, sasa linajulikana kwa viwanda, na vijana kutoka mikoa mingi wamepanga vyumba wakitafuta kibarua. Lakini wazee wa ukanda huu wakianza kusimulia palivyokuwa zamani, viwanda huja mwisho. Huanza na majirani: nani alilima na nani, nani alichimba kaburi la nani, na nani akiita watu walikuja.

Mwandishi wa makala haya amekua akisikia masimulizi hayo. Kila anapoyarudia hulikuta jambo lile lile: moyo wa kusaidiana ulikuwepo enzi zote, ila mwenye kuwaita watu amekuwa akibadilika, na masharti yake pia.

Kwanza aliita mwenye shamba. Mtu mmoja hawezi kulima mihogo na mpunga, halafu akalinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Kwa hiyo majirani walilima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye zamu alipika. Nguruwe walisakwa na kijiji kizima. Hapo hapakuulizwa dini. Wazaramo, wenyeji wa ukanda huu, wengi wao ni Waislamu, lakini upande wa Kisarawe kuna Walutheri wa Maneromango, misheni iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mzee wa Kilutheri akifariki, waliochimba kaburi walikuwa hao hao waliotoka kuswali alfajiri, na akina mama waliochota maji ya msibani walitoka nyumba za pande zote mbili.

Mgeni naye alikuwa na nafasi yake. Tangu misafara ya karne ya 19 ilipopita ikielekea Bagamoyo, Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani. Mtani huingia msibani bila kubisha hodi, akatania wafiwa hadi wacheke, akazuia shughuli mpaka apewe chake, kisha akashika jembe la kaburi. Kwa njia hiyo mtu wa kabila la mbali alipata kazi inayojulikana ndani ya uchungu wa jirani yake, na hakuna aliyemwona anajipendekeza.

Baadaye serikali ndiyo iliyoita. Chama tawala, TANU, kilipanga watu katika nyumba kumi kumi, kila kundi na balozi wake, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5, 1967. Vijiji vya ujamaa vikaja na mashamba ya bega kwa bega, ambapo kila kaya ilikuwa na mstari wake kando ya mstari wa jirani. Mwanzoni watu walihimizwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha familia zilizokuwa zimetawanyika.

Kwa mtu wa Pwani amri hiyo ilikuwa na uchungu wake. Mnazi na mkorosho haibebeki. Waliohamishwa waliacha miti iliyopandwa na babu zao, wakawa wanatembea masafa marefu kwenda kuangua nazi au kuokota korosho, na mingine ikamezwa na pori. Ujirani wa kuamriwa ulizaa pia uvivu ambao haukuwepo kwenye jembe la zamu: katika shamba la wote, aliyelima hadi jua la utosi alipata sawa na aliyechelewa. Ilipofika miaka ya 1980, uchumi ukiwa umeyumba na maduka yakiwa matupu, kila kaya ilirudi kwenye kishamba chake.

Hata hivyo miaka ile iliacha kitu chema. Watu waliokuwa wanaishi kwa koo sasa walikuwa na shule moja, zahanati moja na kisomo kimoja cha watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Walimu wa kisomo mara nyingi walikuwa majirani wa kujitolea, wengine vijana waliomaliza darasa la saba. Bibi alifundishwa kuandika jina lake na mjukuu wa mtani wake, na alimwita mwalimu.

Wito uliofuata ulikuwa wa michango. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza 2002. Wanafunzi waliokuwa chini ya milioni 5 nchini walizidi milioni 7 mwaka 2004, na wote walihitaji pa kukaa. Serikali ilileta fedha za bati na saruji. Wananchi walisomba mchanga, mawe na maji. Vyama vingi vilikuwa vimerudi tangu 1992, na penye siasa kali kuna waliogoma kushika koleo kwa sababu mwenyekiti si wa chama chao. Darasa lilimalizika pale mkutano uliposomewa mapato na matumizi hadharani. Fedha zilipofichwa, msingi uliota nyasi.

Somo hilo la hesabu za wazi ndilo lililobebwa na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, ukaingia Zanzibar na Bara, na leo ni nadra kukuta mtaa wa Kibaha usio na kikundi. Wanachama hununua hisa kila wiki na fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na kuna faini kwa anayechelewa. Mama ntilie wa Kichagga, shangazi wa Kizaramo na kijana wa kiwandani wanakopeshana kwa sababu katiba waliitunga wenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi hivi, lakini haikuviunda.

Ardhi ndiyo inayotia wasiwasi sasa. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006, wengi walishuka na mifugo hadi Pwani, na ng'ombe wakaingia kwenye mihogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kila baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kinachokosekana mara nyingi ni mfugaji mwenyewe kuwepo pale mipaka ya malisho inapochorwa. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na utani huo umewahi kutuliza hasira, ila haupimi hekta.

Zegereni ina swali la namna hiyo hiyo. Wapangaji wa viwandani wananunua hisa na kuchangia misiba, lakini mkutano wa mtaa ukiitwa asubuhi ya siku ya kazi wako zamu, na mambo ya barabara, maji na taka yanaamuliwa bila wao. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema mkutanoni. Uitwe Jumapili alasiri, tangazo libandikwe pia kwenye mageti ya viwanda, na hesabu zisomwe kabla ya mchango mpya kutajwa.