Shairi Lako Asome Mwenzio

Kazi iliyonilisha ni ya kupiga chapa. Niliajiriwa katika ofisi ya shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga, miaka michache baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashamba mengi yakiwa yamekwisha kuingia mikononi mwa serikali. Kutwa nilikuwa napiga barua za robota na singa, orodha za wakataji na mishahara yao, kila ukurasa nakala tatu, kaboni katikati. Karani wa namna hiyo hujikuta amejua kusoma mwandiko wa kila mtu: nyapara asiyeacha nafasi baina ya maneno, mhasibu mwenye herufi ndogo kama punje za ulezi, bwana shamba anayeandika akiwa juu ya trekta.

Watunzi wa mashairi wa Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, waliniita kwa ajili hiyo, wala si kwa kuwa nilijua kutunga. Walikuwa wakikutana Jumapili alasiri kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja: fundi mwenyewe, mwalimu mstaafu, kuli wa bandarini, na bibi mmoja wa Pongwe aliyeandika tenzi zake kwa hati za Kiarabu. Walitaka mtu wa kuwapigia mashairi safi ya kupeleka kwenye magazeti ya Uhuru na Mzalendo, maana waliamini mhariri hutupa kapuni karatasi yenye madoa ya mafuta ya cherehani kabla ya kusoma jina. Nikawa nabaki ofisini baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya mkubwa wangu na kwa karatasi walizonunua wao.

Baraza ile ilikuwa na sharti moja: mtunzi hasomi shairi lake. Atalisoma mwenzake, tena kwa sauti kavu, bila kughani, na mwenyewe atanyamaza mpaka wote wamalize kusema. Kughani kuliachwa mwisho, kukiwa ni tuzo ya shairi lililopita salama. Wageni waliona huo ni ukatili. Lakini Tanga ina watu wa sauti tamu, na sauti tamu hufunika mengi. Mshororo wa mizani kumi na tano ukighaniwa huvutwa pumzi kidogo, ukatimia kumi na sita, na hakuna aliyesikia kasoro. Uweke mdomoni mwa mtu asiyeujua, atajikwaa palepale.

Wa kujikwaa nilikuwa mimi. Nikisita, vidole vinaanza kuhesabu magotini, nane na nane, na mwalimu anavua kofia yake, ishara kwamba hapo pana guni. Yalizuka mabishano makubwa juu ya vitu vidogo. “Daktari” ni mizani mitatu au minne? Fundi alishikilia minne, na ili ashinde aliliandika “dakitari” kila mahali, hata kwenye barua ya kuomba likizo aliyonipa nimpigie kwa niaba ya mpwawe. Bibi hakuhesabu kitu, sikio lake lilitosha. Yeye aliwinda vina vya kulazimisha. Kuli alipoleta shairi la meli lililokuwa na neno zito la kumalizia ubeti, alimwuliza kwa upole, “Mwanangu, neno hili limekuja lenyewe au umelivuta kwa kamba?”

Kichomi, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mashairi yasiyofuata vina wala mizani, kilipotoka, 1974, kijana mmoja aliyetoka chuo cha ualimu alikuja nacho kwapani. Mwalimu mstaafu naye akaleta kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha 1954, kile cha sheria za kutunga mashairi, akakiweka juu ya cherehani. Ugomvi huohuo ulikuwa ukiwaka Dar es Salaam kwa wasomi, nasi tulikuwa na wetu, na maneno makali yakatoka. Aliyeumaliza ni fundi: “Kijana ana shairi lake lisilo na vina. Sharti halibadiliki. Asome binti.”

Nikasoma. Nilizoea kuegemea nane za kwanza nikijua nane nyingine zinakuja. Safari hii hapakuwa na pa kuegemea ila pale mstari ulipokatika. Mahali fulani nilivuta pumzi kijana asipotaka, akaruka kueleza, akanyamazishwa. Kwa maoni yangu shairi lile halikuanguka kwa kukosa vina. Lilianguka kwa sababu kijana aliitegemea sauti yake mwenyewe kama mghani yeyote wa Ngamiani. Mwalimu hakukubali kamwe kuliita shairi. Bibi alisema hajui kama ni shairi, ila mstari wa tatu ni uongo, hakuna mfiwa anayelia hivyo. Mimi nilikuwa upande wa bibi, na bado nipo.

Hatimaye nami nilitunga. Shaaban Robert, aliyezikwa Machui, si mbali na pale tulipokaa, alikuwa karani wa forodha. Sikuona kwa nini karani wa mkonge asijaribu. Nilitunga juu ya siku ya mishahara. Alisoma kuli, polepole, kidole juu ya mshororo, kisha akasema, “Dada, hii ni ile orodha yako ya kazini, umeitia vina tu.” Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Nami nikacheka, ingawa si upesi.

Nyuzi za plastiki zilipouharibia mkonge soko, ofisi ilipunguza watu, nikahamia na mashine yangu mezani karibu na posta. Nilipiga wosia, barua za madai, riwaya za watu wenye subira. Aliyetaka nimsomee kazi yake kwa sauti alilipa zaidi.

Siku hizi watunzi hurekodi mashairi yao kwa simu wakatumiana, kila mtu kwa sauti yake, na pongezi zinamiminika papo hapo. Wakija kwangu nawaambia waweke simu mfukoni, wampe mwenzao karatasi. Wengi hawarudi. Dereva mmoja wa daladala alikubali, akampa konda wake asome. Alirudi amenuna, ubeti wa tatu ameufuta wote, akataka kujua kama nami nauona wa nne una kasoro, maana konda ameanza kuusema vibaya.