Nani Anabaki na Mtoto Msimu wa Korosho?

Mwezi wa kumi, kwetu Lukuledi, kusini mwa Tanzania, mtu huamshwa na vishindo vya miguu. Kungali giza wanawake wanapita na ndoo, wanawahi korosho zilizodondoka usiku, na karibu kila mama ana mtoto anayemvuta mkono, macho yamejaa usingizi. Likizo yangu ya mwisho iliangukia msimu huo, nikafuatana na mdogo wangu shambani. Mwanawe wa miaka mitatu alishinda chini ya mkorosho, juu ya gunia tupu. Alifyonza mabibo mpaka fulana ikawa na mabaka ya kahawia, na doa la bibo halitoki hata ufue na nini. Saa sita akaja analia, midomo imevimba. Alikuwa ametafuna korosho mbichi na ganda lake, utomvu ukamuunguza. Mama yake akamwosha kwa maji yetu ya kunywa, akampaka mafuta, akarudi kuokota. Angefanyaje? Korosho ikilala chini inashika unyevu, na ikishika unyevu daraja linashuka ghalani.

Mimi naishi Tampere, Ufini, ule mji wenye udugu na Mwanza tangu 1988. Binti yangu ana umri uleule. Naye namtoa nyumbani gizani, maana huku mwezi wa kumi na moja saa mbili asubuhi jua bado halijachomoza. Tofauti inaanzia mlangoni. Anapokelewa na mtu aliyesomea kazi hiyo, anavuliwa buti, jina linaandikwa. Mahali penyewe panaitwa päiväkoti, yaani nyumbani kwa mchana. Wanakunywa uji, wanakula mchana, wanalala, wanakula tena kidogo kabla ya kuchukuliwa. Hata baridi ishuke nyuzi kumi chini ya sifuri, wanavishwa manguo mazito na kutolewa nje wakacheze thelujini. Wiki ya kwanza nilisimama nje ya uzio nikimchungulia, nikidhani ataganda. Alikuwa anacheka.

Najua nitakachojibiwa: wale ni matajiri. Lakini tuangalie walianzaje. Sheria yao ya kwanza ya malezi ya mchana ni ya mwaka 1973, na ilitoka kwa sababu wanawake walikuwa kazini na watoto hawana wa kubaki nao. Tampere ni mji uliokuzwa na viwanda vya nguo, na mashine zile ziliendeshwa zaidi na wanawake. Miaka hiyohiyo kwetu kusini watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) ulikuwa unahimiza vituo vya kulelea watoto. Mama yangu ananisimulia kimoja: kivuli cha mwembe, sufuria ya uji wa mtama, akina mama wakipokezana zamu. Kwa hiyo wazo tulikuwa nalo, tena wakati mmoja na Wafini. Wao wakaliandika kwenye sheria na bajeti, wakaendelea kulirekebisha. Kituo cha mama kilikufa pale waliojitolea walipochoka.

Marekebisho yao yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1996 kila mtoto ambaye hajafika umri wa shule akapata haki ya nafasi. Mwaka 2013 malezi ya mchana yakatolewa wizara ya ustawi na kupelekwa wizara ya elimu, na mwaka 2015 darasa la awali likawa lazima. Kinachonigusa zaidi ni hesabu ya mikono. Walio chini ya miaka mitatu, mtu mzima mmoja kwa watoto wanne. Wakubwa zaidi, mmoja kwa saba. Mwaka 2016 serikali ililegeza, wakubwa wakawa wanane kwa mmoja, na mtoto ambaye mzazi wake yuko nyumbani haki yake ikapunguzwa hadi saa 20 kwa wiki. Wazazi na walimu hawakunyamaza. Agosti 2020 yote mawili yakarudishwa yalivyokuwa. Mtoto mmoja tu aliyeongezwa kwa kila mlezi, na nchi ilibishana kwa miaka! Na hata leo hawajamaliza, kwani halmashauri zao zinahangaika kupata walimu wa kutosha.

Tanzania nayo haijakaa tu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, ada zikaondolewa 2016, na Januari 2025 likazinduliwa toleo jipya la sera hiyo. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayoanzia mimba mpaka miaka minane. Nimeisoma, na ni kazi nzuri: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na ujifunzaji vimewekwa pamoja. Tuna hata namba yetu, watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali.

Lakini katika likizo ile niliingia darasa la awali la shule moja ya upande wetu. Nilihesabu watoto nikapita sitini, wamekaa sakafuni, mwalimu ni mmoja. Alikuwa anaimba nao, sauti imekauka, huku mmoja aliyejikojolea akimshika sketi. Kumi hivi walikuwa hawamwelewi, maana nyumbani kwao wanasikia Kimakua tu. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitika marahaba, akaendelea kuimba. Simlaumu hata kidogo.

Na hao angalau wamefika miaka mitano. Wa miaka mitatu hana darasa kabisa. Kituo cha mchana kinasajiliwa ustawi wa jamii, darasa la awali liko elimu na TAMISEMI, yaani serikali za mitaa, na katikati pale ndipo alipokaa yule mtoto wa gunia. Watu husema bibi yupo. Bibi yupo kweli, ila msimu wa korosho na yeye yuko shambani, na kwetu shamba mara nyingi ni la kwake.

Ningeomba jambo dogo sana: kituo cha msimu kila kijiji, Oktoba hadi Januari, chenye uji, maji, kivuli, na walezi waliofundishwa wanaolipwa. Nasisitiza walipwe, nikikumbuka ule mwembe wa mama.

Juzi kwenye simu mdogo wangu aliniuliza, "Dada, hao wanaompokea mwanao, anawalipa nani?" Nikamweleza kuwa ni halmashauri ya mji, kwa kodi zetu, na mzazi anaongeza kulingana na kipato; mwenye kipato kidogo halipi kitu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mbona hata sisi tunakatwa. Kila kilo."

Ni kweli. Korosho ikiuzwa, halmashauri ina ushuru wake wa asilimia tatu, na kuna makato mengine yanayopitishwa kwenye mikutano ya vyama vya msingi. Nimemwambia mkutano ujao asikae nyuma. Asimame, aulize ni shilingi ngapi katika kila kilo ni za mtoto aliyeko chini ya mkorosho. Amesema atakwenda na mwanawe.