Soja ndani ya kopo

Kiangazi kikifika lengalenga na saladi vinapotea sokoni, na sisi wa internati tunabakia na bukari na maharagi tu. Ndiyo sababu tunaotesha soja. Wengine wanacheka eti ni chakula ya kuku. Wacheke.

Iko hivi. Tunachagua mbegu za kula, hapana zile za kupanda zilizotiwa dawa. Tunaziloweka usiku kucha, asubuhi tunazitia ndani ya kopo lenye matundu chini, tunafunika na kitambaa. Mara tatu kwa siku tunazisukutua na maji safi. Maji yakituama, zinaoza na kunuka mpaka dortwari yote inajua! Siku ya 4 ao ya 5 mikia imekuwa mirefu kama kidole.

Mbegu kavu haina vitamini C, ni kama hakuna. Inazaliwa mbegu ikiota. Wakati wa vita ya 1914-1918 askari Waserbia waliougua kwa kuikosa walitibiwa na maharagi yaliyoota.

Lakini mbichi, hapana. Ujerumani, mwaka 2011, mbegu za namna hii zenye mikrobi ziliua watu zaidi ya 50. Sisi tunachemsha dakika 5 hivi (vitamini kidogo inapotea, si kitu), kisha nyanya, kitunguu, chumvi, ndimu.

Wadogo wa mwaka wa kwanza sasa wanaomba sahani ya pili, na soja inaisha. Bwana Ekonomu, tafadhali, kilo mbili mbele ya Egzamini ya Serikali.