Besi Aliyerudi

Katika kundi letu hatuitani kwa majina. Tunaitana kwa sauti: Tenori wa Kwanza, Tenori wa Pili, Baritoni, Besi. Mimi ni Baritoni, sauti ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku inapokosekana. Tenori wa Pili anabeba wimbo, wa Kwanza anapita juu yake, Besi anaweka msingi, na mimi naziba pengo linalobaki.

Tunaimba injili watu wanne, bila gitaa, bila kinanda. Mazoezi tunafanyia saluni ya kunyoa huku Katwe, usiku, wateja wakishaondoka, maana Tenori wa Kwanza ndiye kinyozi. Noti ya kuanzia tunaipata kwa mashine ya kunyolea. Anaiwasha, inanguruma, Besi anaichukua, sisi wengine tunapanda juu yake. Umeme ukikatika tunakisia tu.

Kule Uvira nilikokulia nilidhani uimbaji huu ni wa wazee wetu. Baadaye nikajua umetoka mbali. Mwaka 1871, wanafunzi weusi wa chuo cha Fisk, Marekani, wengi wao waliozaliwa utumwani, walitoka kuimba ili chuo chao kipate pesa. Baada yao wakaja wanaume wanne wanne. Golden Gate Quartet walianza Norfolk, Virginia, mwaka 1934, na mmoja wa waanzilishi, Eddie Griffin, alikuwa kinyozi. Nilipowasomea wenzangu habari hiyo, Tenori wa Kwanza alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja.

Sasa nieleze ya Besi wetu. Alisubiri kuhamishiwa Marekani miaka tisa. Ninyi mlio Nakivale na Kyangwali mnaijua hiyo subira: mahojiano, vipimo, simu isiyolia. Mwishoni mwa 2024 akapewa tarehe ya Februari. Akauza godoro, jiko na kabati, chumba akamwachia mwenye nyumba. Halafu akatuletea kijana wa miaka kumi na tisa.

"Mukibaki bila besi, nyumba haina musingi," alisema. Akamfundisha nyimbo zetu zote, usiku baada ya usiku.

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ikatangaza kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Safari zikafutwa, na yake ikiwemo.

Alhamisi akaja mazoezini kama kawaida. Kijana alikuwa amesimama pale penye kioo, mahali pa Besi. Akataka kutoka.

"Kaa hapo, mutoto. Imba tu."

Mzee akaketi kwenye kiti cha kunyolea, mikono magotini. Tukaimba. Kijana alichelewa kushuka sehemu moja, ileile anayochelewa siku zote. Mzee hakumsahihisha. Hapo ndipo niliogopa, kwa sababu mzee huyu alikuwa hasamehi hata pumzi iliyovutwa vibaya. Na nakiri jambo moja: nilikuwa nimeanza kumzoea kijana, kwa kuwa yeye hakunikaripia. Siku mzee alipotuaga nililia, lakini nilivyolala usiku ule nililala vizuri.

Jumamosi tuliitwa kwenye kilio Nsambya. Mama mmoja wa kwetu alikuwa amefariki. Familia ilisema itatoa elfu ishirini ya nauli. Swali likawa nani aende. Tenori wa Kwanza akasema mzee ana haki yake. Tenori wa Pili akasema kijana amejifunza kwa jasho, tutamwambia nini? Wakanigeukia mimi. Nikasema waende wote wawili.

"Hiyo si kwateti," akasema Tenori wa Pili.

Ni kweli. Besi wawili kwa tenori wawili ni kosa, wimbo unalemea chini. Na ulilemea. Tulipoimba pale chini ya turubai, sauti ilikuwa nzito kama tunasukuma gari. Penye ile sehemu kijana anapochelewa, mzee alishuka nusu ya pumzi kabla yake, akamngojea chini, na kijana akafika. Binti wa marehemu alituomba turudie.

Elfu ishirini kwa wanne ingekuwa tano tano. Tuligawana nne nne, na hakuna aliyelalamika, ingawa Tenori wa Pili alihesabu mara mbili.

Miezi ilipita mzee akilala kwangu kwenye mkeka, begi lake limefungwa zipu, nguo anatoa moja moja na kulifunga tena. Sikumuuliza. Wiki jana tuliona boda inakuja na godoro limefungwa nyuma, na yeye amebanwa katikati. Alikuwa amepata chumba jirani, ghorofani. Hakutueleza kitu.

"Munaangalia nini? Mushike," akasema.

Tukalipandisha ngazini, watu watano, na kijana akashika upande wa chini.