Unga wa Muhogo Juu ya Moteri

Katika kazi yangu ya moteri za boti, hapa Baraka, Kongo, na zamani Kalundu na Kigoma, sijaona kifaa kinachosingiziwa kama turbo. Oili ikionekana pale, basi turbo imekufa: ndivyo wanavyosema bandarini. Mwenye boti anauza mbuzi, anakopa kwa shemeji, anatuma mtu Bujumbura au Dar es Salaam. Turbo mpya inafika imefungwa nailoni, inawekwa, na baada ya safari moja oili inatoka palepale. Hapo ndipo wananiita.

Kazi nilijifunzia Kalundu, bandari ya Uvira, kwa mzee mmoja ambaye mwanafunzi wake hakugusa kle, yaani spana, kabla ya kujua kupangusa. Vita vya 1996 vilitutupa ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Nilikaa kambi ya wakimbizi ya Lugufu, na kila nilipopata ruhusa ya kwenda Kigoma nilikwenda kuitazama Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito, na meli ilipoibuliwa zikafaa tena. Habari hiyo naipenda mno. Mtu anayeitunza mashine hata siku anayolazimika kuitupa, huyo ni fundi.

Nilirudi Baraka wakati meli za wakimbizi zilipoanza kuturudisha, kuanzia 2005, nikakuta kazi inaningoja.

Boti ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mbao, ikisafiri kati ya Baraka na Kalemie. Ikienda ilibeba mawese na watu. Ikirudi ilibeba saruji. Moteri yake ilikuwa ya lori, silinda sita, imetolewa barabarani na kufungwa ndani ya boti. Turbo kwetu si anasa. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na turbo hutumia moshi unaotoka ili kuzungusha gurudumu linaloshindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake ni uleule hadi leo.

Mwenye boti alinipokea bandarini Mushimbakye, hapa Baraka, na uamuzi tayari mdomoni. “Papa fundi, turbo imekwisha. Nitafutie nyingine.” Fundi aliyenitangulia ndivyo alivyomwambia. Nikamwomba anipe asubuhi moja kabla ya kutuma pesa.

Ndani kila kitu kilikuwa kimelowa. Sakafuni palikuwa na maji mekundu, kwa sababu madumu ya mawese yalivuja njia nzima, na hakuna awezaye kusema lolote la kweli kuhusu oili ya moteri huku amesimama ndani ya mawese. Tena oili ni msafiri. Hutoka juu, ikafuata ukingo wa chuma, ikapeperushwa na mkanda unaozunguka, ikadondokea mahali pasipo na kosa lolote. Kwa hiyo tuliosha kwanza. Mimi na kijana wa mashine tulipiga brashi kwa mazutu, yaani dizeli, kisha kwa sabuni na maji ya moto, uchafu wote tukaukinga kwenye beseni, tukakausha kwa matambara mpaka chuma kikaonekana. Ndipo nikaagiza kikombe cha unga wa muhogo kwa mama anayeuza pale juu, uliochekechwa vizuri.

Unga ule niliupuliza kutoka kiganjani juu ya turbo, kwenye viungo vya mabomba, kwenye jointi za juu, na kushuka mpaka karteri, lile bakuli la chini inamokaa oili. Tukawasha. Mwanzoni unga ulitetemeka tu. Moteri iliposhika moto, pakatokea doa la kahawia, dogo sana, chini ya kiungo cha mpira unaopeleka hewa kutoka turbo kwenda silinda. Likavimba, likarefuka, likawa mstari unaoteremka polepole katikati ya weupe. Kwingine kote palikuwa pakavu. Kijana, aliyekuwa akiongea tangu asubuhi, alinyamaza na kuinama karibu nami.

Kuona oili inapotokea ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua imefuata nini kwenye bomba la hewa. Mhimili wa turbo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili. Oili huingia kwa nguvu kupitia kibomba chembamba juu, kisha hushuka kwa uzito wake tu, imejaa mapovu, ndiyo maana bomba la kurudi karteri hufanywa pana. Kila upande wa mhimili kuna pete nyembamba za chuma. Pete hizo haziwezi kuzuia oili iliyofurika. Zinategemea shinikizo la hewa nyuma ya magurudumu, na zinategemea njia ya chini iwe wazi. Kimojawapo kikikosekana, hata turbo iliyotoka kiwandani jana itavuja.

Nikaanza na hewa. Filtri ilikuwa imeganda saruji, kavu upande mmoja na tope upande mwingine. Turbo iliyonyimwa hewa hufyonza, na inachofyonza ni oili kupitia zile pete. Tulipoweka filtri safi mstari ulipungua, lakini haukukatika. Nikalegeza kifuniko cha kujazia oili nikakiweka kinyume juu ya tundu lake. Kingerukaruka, ningejua pistoni zimechoka na gesi inajaa karteri na kuizuia oili kurudi. Kilitulia. Moteri ilipopoa nikaushika mhimili wa turbo kwa vidole: ulicheza kidogo tu kwa upande, kama ipasavyo, haukwenda mbele wala nyuma, na mapanga ya gurudumu hayakuwa na mkwaruzo. Turbo ilikuwa nzima.

Likabaki bomba la kurudi. La chuma lilikwisha kuondolewa zamani, na mahali pake pamefungwa mpira mwembamba, mrefu kuliko safari yake, uliofanya tumbo katikati. Kisu nilichopitisha ndani kilitoka na makaa. Makaa hayo yana asili yake. Boti ikigusa Mushimbakye abiria wanaruka, wapagazi wanaingia majini, na kijana anazima moteri papo hapo ili mazutu yasipotee. Turbo bado ina moto mkali. Oili iliyosimama ndani yake inaungua, inakuwa masizi magumu, na masizi yakishuka yanakwenda kukaa kwenye tumbo la ule mpira.

Nilikagua pia kipoza oili, ingawa hakuna aliyeniomba. Moteri ya boti ina njia ya kuvuja isiyoonekana: oili huwa na shinikizo kubwa kuliko maji ya ziwa yanayoipoza, hivyo kibomba cha ndani kikitoboka oili inakwenda ziwani bila kulowesha hata buloni moja. Kipimo kinashuka na moteri ni kavu. Nilimweka kijana ubavuni atazame kama maji yanayotoka yana utando wa rangirangi. Hayakuwa nao, nikashukuru. Akina mama wa Baraka huchota maji hatua chache tu kutoka boti zinapofunga, na ndiyo maji ya kunywa nyumbani. Anayemwaga oili chafu pale anaimwaga kwenye ndoo ya mama yake. Kijana akifanya hivyo kwangu mara ya pili, namrudisha kwao.

Mchomeleaji akatutengenezea bomba la chuma, pana, linaloshuka moja kwa moja. Tulipangusa oili yote iliyobaki kwenye mabomba ya hewa, maana moteri ya mazutu inaweza kuivuta, ikaichoma, ikapanda mbio isimsikie tena mtu. Kisanduku cha filtri tukakihamisha mbali na mifuko ya saruji. Unga mpya, moteri ikawashwa, ikapandishwa mbio, ikaachwa ifanye kazi mpaka jua likawa utosini. Unga ulibaki mweupe.

“Papa, turbo ni ileile,” akasema mwenye boti. “Nilipe nini?” Nikamtajia kwanza bei ya turbo aliyotaka kuagiza, kisha yangu, na mpira nilioupasua nikamwekea mkononi aupapase ndani. Alilipa nusu kwa faranga na nusu kwa ndagala wakavu, akaniomba nimwandikie kijana wake kwenye kipande cha katoni: moteri iachwe ingurume taratibu dakika tatu hadi tano kabla ya kuzimwa. Wakaipigilia msumari juu ya swichi, na jioni ile wakaanza kupakia mawese ya Kalemie.