Karani Hakuletewa Waraka

Miaka ya sabini baba yangu alikuwa mzee wa baraza katika mahakama moja ya mwanzo wilayani Muleba. Nyingi ya kesi alizozisikiliza zilikuwa za vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba. Ndani walikaa hakimu na wazee wake. Nje, chini ya mti, ukoo mzima ulisubiri. Mila za urithi zilikuwa zimeandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, na baba hakuwa na haja ya kulifungua. Kanuni ya 20 aliijua kichwani: mwanamke aweza kukitumia kibanja cha ukoo maisha yake yote, lakini kukiuza, hapana.

Mwaka 1990 zikatufikia habari kutoka Mwanza. Bi Holaria Pastory, aliyeachiwa kibanja na baba yake kwa wosia, alikuwa amekiuza Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaipindua hukumu hiyo, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akamaliza kazi: mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Haki za binadamu ziliingia katika Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ilijipa muda hadi Machi 1988 kabla ya mtu kuweza kuzidai mahakamani. Bi Holaria aliuza miezi mitano baada ya hapo. Sidhani kama alikuwa akihesabu.

Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wazee wetu walisema hukumu ya Mwanza ibaki Mwanza, na kwa miaka mingi ilibaki. Shangazi yangu alitaka kuuza kipande cha kibanja apate ada ya mwanawe. Kwenye ofisi ya kijiji karani akampokea kwa heshima zote.

"Waitu maama, barua ya ukoo iko wapi?"

"Jaji amesema haihitajiki."

"Jaji hajaniletea waraka."

Nilimchukia karani yule. Leo simlaumu sana, maana muhuri ulikuwa wa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa wa ukoo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilikuja kwa njia nyingine. Ilimfuata mtendaji wa kijiji mezani pake na kumpa kazi: maombi yapokelewe, halmashauri ya kijiji iyaamue, hati ya hakimiliki ya kimila isainiwe na kuandikwa kwenye masjala, na mila inayomnyima mwanamke ardhi isihesabike. Kisha ikaja Sheria Na. 2 ya 2002, ikaziondoa kesi za ardhi katika mahakama za mwanzo. Baraza la ardhi la kijiji likawa na watu 7, wanawake wasiopungua 3. Baba, akiwa amekwisha kustaafu, alikwenda kutazama akarudi amenuna. Mashahidi walionyesha miramula, mimea ya mpaka, kama desturi, ndipo mama mmoja barazani akauliza ni nani aliyekuwa akitandaza nyasi kibanjani miaka yote hiyo. Swali hilo baba hakuwahi kulisikia likiulizwa.

Juu ya baraza la kijiji lilikuwa baraza la kata, na aliyeshindwa huko alipanda Bukoba, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hadi Muleba ilipopata lake. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, kwa siku 30. Mabaraza ya kata yalikosea mengi, na maamuzi yao yalifutwa mara kwa mara kwa sababu ya akidi tu, lakini yalifikika kwa miguu. Nauli ya wilayani ni mkungu wa ndizi.

Mirathi haikuhama. Imebaki mahakama ya mwanzo, na Tangazo Na. 436 bado lipo, ingawa wajane wawili wa Shinyanga walilipinga Mahakama Kuu na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikawaunga mkono. Majuzi nilimsindikiza binti wa marehemu kaka yangu kuomba usimamizi wa mirathi. Akadaiwa cheti cha kifo, kisha muhtasari wa kikao cha ukoo. Tukarudi nyumbani, baba zake wadogo wakaitwa, wakaketi. Kwa kuwa ana mwandiko mzuri kuliko wote, wakampa yeye kalamu awe katibu.