Kioo cha Dirisha la Stesheni

Ndugu msomaji, usinicheke ukiona mtu wa umri wangu, aliyefundisha watoto alifu na bee kwa miaka arubaini na zaidi, akikuandikia habari za madirisha ya nyumba za kuchezea. Mimi nami nilicheka. Mjukuu wangu aliyezaliwa Uingereza alikuja likizo na sanduku la visu vidogo, kadibodi na gundi, akaniambia kwamba huko kwao wako watu wazima wajengao reli ndogo juu ya meza, pamoja na stesheni na nyumba zake, kila kitu kwa kipimo cha 1 kwa 76. Nikamwambia huo ni mchezo wa kupoteza wakati. (Sikusema ni haramu, kwani nyumba haina roho.) Akanijibu: "Babu, nataka kuijenga ile stesheni aliyofanya kazi baba yako."

Hapo nikanyamaza. Ilikuwa stesheni ndogo baina ya Mombasa na Voi, katika reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 ina stesheni zake nyingine. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa akikata tikiti hapo. Picha hatuna. Basi mimi ndiye niliyekuwa picha.

Kuta na paa la mabati hazikutusumbua. Madirisha ndiyo yaliyotutaabisha, na sababu yake ni hii. Ule ubao mwembamba utenganishao kioo na kioo, katika dirisha la kweli una upana wa milimita 20 hivi. Ukigawanya kwa 76 yabaki robo ya milimita tu. Mara ya kwanza kijana aliukata kwa kadibodi, ukatoka milimita moja. Yaani kwenye nyumba ya kweli ungekuwa na upana wa zaidi ya sentimita saba na nusu. Nikamwambia, "Hili ni dirisha la jela." Tukaiacha kadibodi, tukachukua plastiki iliyo wazi kama kioo, ya kifuniko cha sanduku la tende. Akakwaruza mistari kwa sindano akifuata rula, akapaka rangi, akaifuta papo hapo kabla ya kukauka. Ya juu ikaondoka, ya ndani ya mikwaruzo ikabaki, na mistari ikatoka myembamba kama unywele. Wewe ukijaribu, usitumie gundi ile kali ishikayo mara moja, kwani mvuke wake huiachia plastiki ukungu mweupe. Tumia ile nyeupe ya mbao, kidogo sana. Na nyuma ya dirisha tia giza, la sivyo mtu ataona mwanga wa upande wa pili, ajue kwamba nyumba ni tupu.

Kwa dirisha la tikiti, lililo mbele, kijana hakuridhika. Alisema vioo vya zamani havikunyooka, na kila kimoja hulipokea jua kwa namna yake. Kwa hiyo yafaa kukata kila kioo peke yake na kukiinamisha kidogo. Akaniuliza: "Babu, vioo vyote vilikuwa vya namna moja?"

Nikamwambia, "Vyote."

Nilisema uongo. Dirisha lile lilikuwa na vioo sita. Vitano vilikuwa vya zamani, vyenye mawimbi. Cha chini upande wa kulia kilikuwa kipya, kimenyooka, chang'aa. Cha mwanzo nilikivunja mimi, mwaka wa 1970, nikiwa na miaka kumi, kwa jiwe nililomtupia kunguru. Mzee aliyekuwa akifagia stesheni alidhaniwa amekigonga kwa mpini wa ufagio, akakatwa thamani yake katika mshahara. Nilikuwapo alipokuwa akiapa. Sikusema neno. Na kila siku nilipita hapo nikienda chuoni, kioo kile kikinitazama.

Na ni mara ngapi nimewafundisha watu kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake mpaka irudishwe kwa mwenyewe, na akiwa amekufa, kwa warithi wake!

Usiku ule sikulala. Baada ya sala ya alfajiri nikamwendea kijana, nikamwambia, "Cha chini, kulia, kilikuwa kipya." Alifurahi sana, maskini, kwani alikuwa na vijioo vya kweli, vyembamba mno, vya kufunikia vitu vitazamwavyo kwa hadubini. Akakata kimoja. Alipokuwa akikitia mahali pake kwa kibano akauliza, bila kuinua macho: "Kwa nini kilibadilishwa?"

Nikamweleza yote. Akataka kujua jina la mzee yule, na kama alikuwa na watoto. Jina sikulisahau. Yeye amekwisha kufariki, lakini nimeulizia, nikaambiwa binti yake yu hai, akaa Mariakani. Jumamosi twaenda, inshallah. Kijana ataka tuichukue na stesheni. Mimi nasema tuiache nyumbani, asije yule mama akadhani tumekwenda kumwonyesha mchezo. Bado hatujapatana.